Mguu Wangu na Chumba cha Mazoezi

Nimeombwa niwasimulie namna mguu wangu ulivyopona. Nishausimulia mguu huu mara nyingi, Likoni na kwengineko, na kila nikimaliza mwenyekiti hunivuta kando akaniambia, "Koplo, umezungumza vizuri, lakini ile sehemu ya katikati ungeiacha. Watu wanaona haya." Sehemu ya katikati ndiyo iliyonilaza kitandani. Ukiitoa, anabaki mwanamke aliyevunjika akatibiwa akapona, na huyo mnaye kila nyumba. Leo nitaisema yote. Anayeona haya ana ruhusa ya kutoka nje akapunge upepo.

Mimi ni Mwanakombo, mzaliwa wa Timbwani. Nilikuwa msichana wa mbio. Shuleni nilikuwa nikishindana na wavulana na kuwaacha, na jioni mama ananichapa kwa kuchafua sare. Mwanzoni mwa miaka ya themanini nilijiunga na jeshi, kitengo cha mawasiliano. Mama yangu, Bi Riziki, alilia kama aliyefiwa. Baba akamwambia, "Muache. Huyu hata umfunge kamba atakwenda nayo." Kazi niliipenda. Nilikuwa nakaa kwenye redio na vyombo vya kusikilizia masikioni, nikipokea na kutuma habari, na sauti yangu ilijulikana kambini. Nilipanda cheo nikawa koplo.

Kisha siku moja tukiwa tunarudi kutoka mazoezini bara, mvua imenyesha, lori letu liliteleza likapinduka. Wenzangu wengi walitoka na michubuko. Mie mguu wa kulia ulibanwa chini ya ubao wa pembeni. Nilipovutwa, muundi ulikuwa umekatika na mfupa umetoboa ngozi. Niliuona mfupa wangu mwenyewe, mweupe, kama ule wa mbuzi wa sikukuu. Sikulia. Nililia baadaye, nilipoambiwa jeshi halina kazi na mimi tena.

Niliwekwa bamba la chuma na skrubu ndani ya mguu, nikarudi kwetu Timbwani na magongo mawili. Nikaambiwa niwe nahudhuria kliniki ya wanajeshi wastaafu, upande wa Changamwe, kusafishwa kidonda na kufanyishwa mazoezi ya kukunja na kukunjua mguu. Kufika huko kwa magongo ni safari. Nivuke feri, nipande gari mjini, nishuke, nipande tena kilima kidogo cha kokoto. Lakini nilikwenda. Nilitaka kutembea.

Ile kliniki ilikuwa ya wanaume. Haikuandikwa popote, ila ukifika unaona. Mabenchi yamejaa wazee waliopigana vita vya Wazungu, na wengine wa rika la baba yangu waliokuwa mpakani kaskazini. Wanawake tulikuwa wachache, wajane wa wanajeshi na sisi wawili watatu tuliovaa sare wenyewe. Nikipita, kuna aliyesema, "Koplo, hebu rudi upite tena, sikuuona mwendo vizuri." Benchi zima likacheka. Mie nachechemea na magongo, jasho linanitoka, wao wanasifu mwendo. Niliyazoea. Sasa nasema sikupaswa kuyazoea, lakini ukiwa mgonjwa unachagua la kupigania, na mie nilichagua mguu.

Aliyekuwa akinifanyisha mazoezi tulimwita Tabibu. Jina lake sitalitaja, nimechoka nalo. Alikuwa mtu nadhifu, mwenye marashi, akimwita kila mwanamke "dada". Mwanzo alifanya kazi yake. Alinikunja goti, akanisugua mafuta, akaniambia niende nyumbani nikafanye hivi na hivi. Kisha ikafika siku akafunga mlango kwa komeo.

Nilikuwa nimelala chali juu ya kile kitanda chembamba cha ngozi. Mguu wangu ulikuwa umening'inizwa kwenye kamba ya kuunyanyulia. Mfupa wangu ulivunjika chini ya goti, na hilo alilijua, kwa sababu kovu liko wazi. Mkono wake ukawa juu ya goti. Ukapanda pajani. Ukapita paja.

"Legeza mwili, dada," alisema. "Misuli yote imeshikana. Inaanzia huku juu."

Nikamwambia, "Tabibu, huko hakuumwi."

"Mimi ndiye niliyesomea," alisema, na hakutoa mkono.

Kuna watu huniuliza, na huniuliza wakijua nilikuwa askari, kwa nini sikumpiga. Swali hili nimelijibu hata nimechoka nalo. Mguu mmoja uko kwenye kamba. Magongo ameyaegemeza mlangoni. Mlango una komeo. Na mwili, ndugu zangu, mwili una namna yake ya kuganda. Ulimi ulikuwa mzito kama nimetiwa sindano ya ganzi. Nilitazama dari ya mabati mpaka alipomaliza, akanifungua kamba, akaniambia, "Unaendelea vizuri."

Nyumbani nilimwambia mama. Alikuwa akisuka ukili, ile mikanda ya minyaa ya kushonea mikeka, na mikono yake ikasimama. "Umemwambia nani mwengine?" aliniuliza. Nikasema hakuna. "Basi nyamaza, mwanangu. Utajiaibisha. Nenda katibiwe mguu, ujifunike vizuri."

Nikajifunika vizuri. Nikavaa suruali ndani ya gauni, na leso juu yake. Ikawa vilevile, na safari hii akaongeza na maneno, ambayo siyasemi mbele ya watu wazima.

Nilikwenda kwa mkuu wa kliniki, meja mstaafu, mtu wa masharubu yaliyochanwa. Nilisimama wima mbele ya meza yake kadiri magongo yalivyoniruhusu. Nikamweleza nilivyowaeleza nyinyi. Alinisikiliza akichezea kalamu.

"Koplo," alisema, "wewe ni askari. Askari unakuja kunishtakia kuguswa? Daktari atakutibu bila kukugusa?"

"Bwana Meja, aligusa pasipo na ugonjwa."

"Ulikuwa umevaa nini?"

"Gauni la hapa. Mnatupa wenyewe mlangoni, la kijani, limepasuka mgongoni."

Akaniuliza kama kuna shahidi. Nikamwambia mlango ulikuwa na komeo. Akasema bila shahidi hawezi kumharibia mtu jina. Wallahi nilimtazama yule bwana nikajiuliza hivyo vita alipigana na nani.

Kufika kwenye benchi, habari zishafika kabla yangu. Wengine wanachekea chinichini. Alikuwako mzee mmoja, Sajenti Kazungu, Mgiriama wa Kisauni, mguu wake mmoja ulikatwa juu ya goti kwa bomu la ardhini. Alikuwa mkali, hacheki na watu, na wote walimheshimu. Nilidhani huyu atasema neno. Akanivuta karibu akaniambia, "Koplo, nyamaza. Hapa ndipo tunapotibiwa sote. Ukiifungisha kliniki tutakwenda wapi?"

Mama, meja, sajenti. Kila mtu ana neno moja tu, nyamaza. Basi nikanyamaza, na nikanyamazia nyumbani. Sikurudi tena kliniki.

Hapa ndipo ugonjwa ulipopata nafasi yake. Kidonda changu kilikuwa kimebakia tundu dogo, la kuingia ncha ya kidole. Sista mmoja wa kliniki alikuwa akikisafisha kila nikienda mazoezini. Nilipoacha kwenda, nilikisafisha mwenyewe kwa maji ya chumvi. Kikaonekana kimefunga. Kisha ngozi ikaanza kung'aa, ikawa ya moto, ikapasuka pembeni, ukatoka usaha wa manjano wenye harufu. Nikaweka pamba. Pamba inajaa. Mitoki ikanitoka kwenye kinena, migumu kama kokwa za tende, hata kukaa chini tabu. Usiku homa, mchana baridi. Chakula kikanikinai. Nilifukiza udi chumbani wageni wakija ili wasisikie harufu yangu.

Ndugu yangu Bakari aliniuliza, "Kwa nini huendi kliniki na dawa ni za bure?" Nikamwambia nitakwenda wiki ijayo. Ikija wiki hiyo nasema gari lilikuwa tabu. Bakari akakasirika, akaniita mvivu. Nikakubali kuitwa mvivu. Lilikuwa jina rahisi kulibeba kuliko lile jengine.

Mtu wa kunitafuta alikuja Jumapili moja, naye ni Sista Dama, yule muuguzi aliyekuwa akinisafisha. Alivuka feri akauliza Timbwani nzima mpaka akaifikia nyumba yetu. Alipiga hodi, mama akamkaribisha, akaingia chumbani kwangu, akanusa. Akaifunua leso mguuni. Nyama ilikuwa imegeuka rangi, na ndani ya tundu alikiona kipande cha mfupa kimekaa kama jino.

"Ni yule, sivyo?" aliniuliza.

Nikaitikia kwa kichwa.

"Nilikuwa najaribu kuingia mle chumbani kila nikipata nafasi," alisema. "Nikiingia hutoa mikono. Nikaambiwa na Meja niache kuzurura, nikae kwenye vidonda vyangu."

Mama alikuwa amesimama mlangoni. Akaniuliza kwa sauti ndogo, "Mbona hukuniambia kuwa ndiyo sababu?"

"Nilikwambia, mama. Ulinambia nijifunike."

Mama alikwenda kuvaa buibui lake.

Bakari aliazima mkokoteni wa muuza maji. Nikalazwa juu yake, na Sista Dama akishikilia mguu, tukateremka hivyo mpaka feri, na kutoka ng'ambo ya pili tukapata gari la kunipeleka hospitali kubwa ya kisiwani. Daktari wa mifupa alikuwa mzee wa Kihindi, mfupi, mwenye miwani mizito. Alisimama mbali kidogo na kitanda akasema kwa Kiswahili chake cha mjini, "Mama, mimi nitashika hapa chini ya goti, nitabonyeza, itauma. Sista huyu atakaa hapa. Ukitaka niwache, sema wacha, mimi nitawacha. Sawa?"

Nikaangua kilio. Daktari akadhani ni maumivu, akarudi nyuma. Kilichoniliza ni urahisi wake. Maneno machache, na mtu wa kusimama pembeni, na mlango uko wazi. Hayahitaji mashine, hayahitaji mtu asafiri kwenda ng'ambo kusomea. Mie nilikuwa karibu kupoteza mguu kwa sababu mtu mmoja hakutaka kusema maneno hayo, na wengine hawakutaka kumlazimisha.

Alipokwisha kunitazama aliuliza, "Mbona umekaa nyumbani mpaka hivi? Ungekawia kidogo tu, ningekata."

Mama ndiye aliyejibu. Alisema yote, bila kuficha, mbele ya daktari na wauguzi, yeye aliyeniambia nitajiaibisha. Daktari alivua miwani akaifuta. "Hiyo si tabibu," alisema. "Hiyo ni mwizi."

Nilipasuliwa. Walitoa bamba na skrubu zake, wakakwangua mfupa uliooza, wakaacha shimo wazi lijae lenyewe kutoka chini. Kila siku wanalifungua, wanatoa kitambaa cha zamani kilichogandamana na nyama, wanatia kipya. Nilikuwa nauma ukingo wa shuka. Sindano zilinipiga makalioni mpaka nikawa silali ila kwa ubavu. Nilikonda, nywele zikanyonyoka. Lakini homa ikashuka, mitoki ikanywea, na siku moja asubuhi nikahisi njaa, njaa hasa, nikamwomba mama mbaazi na mahamri. Mama aliondoka mbio kama ameitwa na mfalme. Hapo nilijua nitapona.

Mfupa ulipoungana daktari aliniambia, "Sasa mazoezi. Bila mazoezi goti hili litakuwa mti." Na mazoezi ya bure kwa mwanajeshi mstaafu yalikuwa pale pale Changamwe, kwa mtu yule yule. Nilimcheka daktari usoni.

Nilirudi na mama. Tulipofika kwenye chumba cha mazoezi Tabibu alitabasamu, akamwambia, "Mama, humu jamaa hawaingii."

"Basi na mwanangu haingii," mama alisema.

"Ni kanuni ya kliniki."

"Baba, mimi ni mzee. Kanuni sizijui. Niko hapa." Akaingia, akaketi chini mkabala na kitanda, akatoa minyaa yake akaanza kusuka. Tabibu alinifanyisha mazoezi siku ile kwa ncha za vidole, kama ninaunguza.

Tulimwendea tena Meja, safari hii Sista Dama, mimi, na wajane wawili. Kumbe na wao walikuwa na yao, wamekaa nayo miaka. Tuliomba vitu vidogo. Pazia. Komeo liondolewe. Mwanamke awemo chumbani mwanamke mwenzake akitibiwa. Tabibu aseme kabla ya kushika. Na wanaume wa kwenye benchi waambiwe wafunge midomo. Meja alisema hana wafanyakazi wa kutosha kuweka mlinzi wa paja la kila mtu. Alisema hivyo hivyo.

Basi wafanyakazi tukawa sisi. Wajane walipeana zamu na mama. Yule anakuja na ukili, yule na kofia ya kudarizi, mwengine anachambua mchele wake. Kila mwanamke aliyeingia chumba kile aliingia na mtu. Tabibu alilalamika wanamchafulia sakafu. Meja alikuja mara moja akasimama mlangoni, akaona mabibi wamekaa wamenyoosha miguu, akamwamkia mama shikamoo, akaondoka.

Ilikuwa wakati huo ndipo Sajenti Kazungu alipomsogelea mama kwenye veranda. Nilikuwa karibu, nikasikia. Alikuwa akitazama chini, huyu mtu aliyekuwa akitutazama sote kwa juu.

"Bi Riziki," alisema, "wiki ijayo utakuwako?"

"Inshallah nitakuwako."

"Nikiingia mimi, nakuomba na mimi ukae."

Mama alisema, "Nitakaa, kaka." Mie nilitazama ule mguu wake uliokatwa, nikakumbuka kwamba na yeye hulazwa chali, na kamba ni ile ile. Kumbe alivyokuwa akiniambia ninyamaze, alikuwa akijiambia mwenyewe.

Baada ya hapo sajenti alijikaza. Alikwenda ofisini kwa Meja peke yake, akasimama wima kwa mguu wake mmoja na gongo, akasema Tabibu amemshika vibaya, na si mara moja. Meja hakumuuliza alivaa nini. Hakumuuliza shahidi. Asubuhi ile ile Tabibu alikusanya vitu vyake akaondoka.

Hapo niliketi kwenye benchi nikashindwa hata kufurahi. Mie nimesema, wajane wamesema, Sista amesema, nusura nikatwe mguu. Akasema mwanamume mmoja, kazi ikaisha kabla chai haijapoa. Nilimwambia sajenti hivyo hivyo. Akanijibu, "Najua, Koplo. Na mimi ilinichukua miaka kusema, kwa sababu niliona wanavyowafanya nyinyi."

Na haikuisha, kwa kweli. Hatukukaa sana tukasikia Tabibu amepelekwa kliniki nyengine, Kisauni, na amepewa cheo. Sajenti anakaa Kisauni. Yeye na mimi na Sista Dama tulikwenda huko siku ya wagonjwa, tukaketi kwenye benchi lao kama wagonjwa wengine, tukawaambia watu mmoja mmoja, kwa sauti ya kawaida, huyu mtu ni nani. Tulipofukuzwa ndani tulikaa nje. Siku ya tatu wagonjwa wake wote walikuwa wanadai waingie na jamaa zao. Akaacha kazi mwenyewe. Hakushtakiwa. Nasikia aliuza vipuri vya magari baadaye. Vipuri navyo huvishika, lakini vyenyewe havina roho.

Changamwe wakaweka pazia. Meja mpya alipokuja aliondoa komeo na kumpa Sista Dama kusimamia chumba, na bado palikuwa na siku pazia limeanguka na hakuna wa kulifunga, tukaanza tena kusema. Nimechoka kusema, nawaambieni kweli. Nimechoka kueleza mtu mzima tofauti ya goti na paja.

Mguu wangu leo ni mfupi kidogo kuliko mwenzake. Mvua ikikaribia hujua kabla ya redio. Kiatu kimoja kimeongezwa soli. Lakini natembea, nachota maji, nasali kwa kusimama, na hayo namshukuru Mungu kwanza. Namshukuru mama yangu, ambaye amezeeka sasa lakini akiitwa kukaa na mgonjwa huitika abee na kuchukua minyaa yake. Namshukuru Sista Dama aliyevuka feri Jumapili yake ya kupumzika. Namshukuru daktari yule wa mifupa. Sajenti Kazungu namshukuru pia, na bado nina kihasira kidogo naye, naye anajua.

Nyinyi mnaosimamia zahanati na hospitali, msingoje mtu aoze ndipo mtafute pazia. Msimuulize mgonjwa nguo. Nyingi mmempa nyinyi. Na wewe uliyeumizwa na anayekutibu, usiache matibabu kama nilivyoacha mimi. Tafuta pengine, tafuta mtu wa kukaa nawe, sema kwa wa kwanza, asiposikia sema kwa wa pili. Ukilazwa kitandani mwambie daktari akueleze anapotaka kushika kabla hajashika. Akikuuliza kwa nini, mwambie kwa sababu mguu ni wako.